Kusoma muundo wa fuwele wa arsenidi za metali: anza na umbali wa arseniki kwa arseniki

Mtu akipata faili la CIF (faili linaloorodhesha seli na atomu za fuwele) au mchoro wa eksirei wa arsenidi ya metali, yaani msombo wa metali na arseniki, mara nyingi hukimbilia jina la aina ya muundo: hii ni NiAs, ile ni skuterudaiti. Jina peke yake halitoshi. FeAs na NiAs zina fomula pacha lakini atomu zake hazikupangwa sawa. FeAs₂ na PtAs₂ nazo ni hivyo hivyo. Swali linalozitenganisha ni hili: je, atomu za arseniki zimeshikana zenyewe kwa zenyewe, na kama zimeshikana, kila moja imeshika wenzake wangapi? Ukilijibu kwa kikokotoo kabla ya kuchora chochote, utakuwa umeshajua nusu ya muundo.

Unahitaji karatasi, kikokotoo chenye kipeuo cha pili na tanjiti, na programu ya VESTA, ambayo ni ya bure na hupima umbali na pembe. Mafaili ya CIF yanapatikana bila malipo kwenye Crystallography Open Database. Ikiwa utachakata mchoro wa poda mwenyewe, ongeza GSAS-II au FullProf.

Kabla ya kugusa poda yoyote, kumbuka kwamba arsenidi zote ni sumu na vumbi lake ndilo baya zaidi. Saga kiasi kidogo, miligramu kadhaa tu, ndani ya kisanduku cha glavu au chini ya dohani inayovuta vizuri, kisha funga poda kwenye kapilari ya kioo ya milimita 0.3. Kapilari iliyozibwa inakulinda wewe, na pia inailinda sampuli isiliwe na hewa. Usiioshe sampuli kwa asidi. Arsenidi za metali alikali na za kundi la kalsiamu hata maji ya kawaida huzitosha kutoa arsini, gesi inayoua kwa kiwango kidogo sana. Wala usiipashe moto hewani, kwa sababu moshi mweupe utakaouona ni oksidi ya arseniki.

Jijengee NiAs kwa mkono

Anza na NiAs hata kama sampuli yako ni nyingine, maana ndiyo shule ya arsenidi. Madini yake ni nikelini, jiwe la rangi ya shaba ambalo wachimbaji wa Ujerumani waliliita Kupfernickel, wakiamini jini limewaibia shaba yao. Jina la nikeli lilitoka humo. Muundo wake ulielezwa na Aminoff mwaka 1923, na wote unaingia katika mistari minne: kundi la nafasi (jina la ulinganifu wa fuwele) P6₃/mmc; a = 3.619 Å na c = 5.034 Å, Ni kwenye (0, 0, 0), As kwenye (1/3, 2/3, 1/4).

Hapa a na c ni urefu wa kingo za seli, yaani kijisanduku kinachojirudia kujenga fuwele; Å ni angstromu, sehemu moja ya milioni kumi ya milimita; namba za mabanoni ni nafasi ya atomu kama sehemu ya kingo hizo. Mistari hiyo inataja atomu mbili tu, lakini seli ina nne. Ulinganifu wa kundi huzalisha zilizobaki: Ni ya pili iko kwenye (0, 0, 1/2) na As ya pili kwenye (2/3, 1/3, 3/4). Chora sakafu ya seli, yaani msambamba wenye pembe ya nyuzi 120. Weka Ni kwenye kona zake. Panda robo ya c, weka As juu ya kitovu cha pembetatu moja. Panda hadi nusu, weka Ni palepale ilipokuwa ile ya chini. Panda hadi robo tatu, weka As juu ya kitovu cha pembetatu ya pili. Ukiita nafasi hizo A, B na C, mpangilio ni A B A C, kisha unarudi mwanzo.

Sasa pima. Umbali wa Ni hadi As una sehemu mbili. Ya mlalo ni a ÷ √3 = 2.089 Å, na ya wima ni c ÷ 4 = 1.2585 Å. Jumlisha vipeo vyake vya pili, toa kipeuo: 2.44 Å. Kila Ni ina As sita kwa umbali huo, tatu juu na tatu chini, nazo zinatengeneza oktahedra (umbo la nyuso nane). Kila As nayo ina Ni sita, lakini hizo zimepangwa kama mche wa pembetatu. Wengi hukosea hapa kwa kudhani kwamba kwa kuwa idadi ni sita pande zote mbili, umbo pia ni lile lile, kama kwenye chumvi ya mezani. Siyo. Zungusha mchoro wa VESTA utazame kando ya c: Ni tatu za juu ya As zimefunika kabisa Ni tatu za chini yake.

Umbali wa Ni kwa Ni kando ya c ni nusu ya c, yaani 2.52 Å. Ni mfupi, unakaribia ule wa nikeli ya metali tupu, kwa sababu oktahedra zinagusana uso kwa uso. Umbali huo ndio unaoeleza kwa nini c ÷ a hapa ni 1.39 badala ya 1.63 inayotarajiwa kwa tufe zilizopangwa kwa kubanana: nikeli zinavutana na mhimili wa c unafupika. Halafu As kwa As: 3.27 Å kati ya tabaka na tabaka, na 3.62 Å ndani ya tabaka. Hazijashikana.

Hakiki kazi yako kwa densiti. Zidisha 1.6605 kwa idadi ya fomula ndani ya seli na kwa uzito wa fomula, kisha gawa kwa ujazo wa seli katika Å³. Kwa NiAs: 1.6605 × 2 × 133.6 ÷ 57.1 = 7.77 g/cm³. Ukipata nusu au mara mbili ya hapo, umehesabu atomu vibaya. Hesabu hii ni ya dakika moja na inakamata makosa mengi kuliko ukaguzi wowote mwingine.

Namba za kukariri

Katika arseniki ya kijivu, atomu zilizoshikana ziko mbali kwa 2.52 Å, na zile za tabaka jirani 3.12 Å. Chukua vipimo hivyo kama rula. Chini ya 2.6 Å kuna kifungo. Zaidi ya 3.2 Å hakuna. Katikati ya hapo usiseme lolote mpaka umeangalia mambo mengine.

Kisha hesabu elektroni. Arseniki isiyoshika mwenzake ihesabu kuwa As³⁻. Iliyoshika mmoja ni As²⁻. Iliyoshika wawili ni As⁻. Chaji iliyobaki ni ya metali. Ni hesabu ya daftari tu, hakuna anayedai kwamba platini ndani ya fuwele ina chaji nne kamili, lakini inatabiri maumbo vizuri mno kuweza kudharauliwa.

Jaribu kwa PtAs₂, madini ya sperilaiti. Muundo wake ni wa pairaiti, kundi la nafasi Pa-3, a karibu 5.97 Å, na As kwenye (x, x, x) ambapo x ni kama 0.383. As mbili zinatazamana kupitia kitovu cha ulinganifu, kwa hiyo umbali ni 2 × (0.5 − 0.383) × √3 × 5.97 = 2.42 Å. Kuna kifungo. Kila As imeshika moja, jozi ina chaji −4, Pt ni +4 yenye elektroni sita za d. Sita zinajaza kundi la chini la obiti za d ndani ya oktahedra bila kubaki, na fuwele inatulia.

FeAs₂ nayo ina jozi za As, lakini hesabu ileile inampa Fe elektroni nne za d tu. Seli yake ya Pnnm ni a = 5.30, b = 5.98, c = 2.88 Å. Linganisha na NiAs₂ yenye kundi la nafasi hilohilo, ambayo metali yake ina elektroni sita: a = 4.76, b = 5.79, c = 3.54 Å. Kwenye faili zote mbili zinaonekana ndugu, hata majiranukta yanafanana. Lakini c ÷ a ni 0.54 kwa chuma na 0.74 kwa nikeli. Obiti moja ya d iliyobaki tupu inaruhusu atomu za chuma kusogeleana kando ya c. Kwa hiyo unapoambiwa sampuli ni ya aina ya markasaiti, usikubali kabla ya kugawa c kwa a: ikitoka karibu na 0.55 ni ya aina ya lolingaiti, na tabia zake za umeme na sumaku zitakuwa tofauti.

CoAs₃ ndiyo tamu kuliko zote. Jina skuterudaiti limetoka Skutterud, Norway, palipokuwa na machimbo ya kobalti, na muundo ulitatuliwa na Oftedal mwaka 1928. Kundi la nafasi ni Im-3, a karibu 8.205 Å, Co kwenye (1/4, 1/4, 1/4), As kwenye (0, y, z) ambapo y ni kama 0.344 na z kama 0.151. Tafuta As nne zinazozunguka nukta (0, 1/2, 0). Upande mmoja wa umbo lao ni 2 × 0.151 × 8.205 = 2.48 Å, wa pili ni 2 × (0.5 − 0.344) × 8.205 = 2.56 Å. Ni mstatili unaokaribia mraba, na kila As imeshika wenzake wawili. Basi As⁻ tatu, Co³⁺, elektroni sita za d. Co hadi As ni 2.34 Å, na oktahedra zimeinamishwa hadi zikaacha matundu makubwa mawili katika kila seli, kwenye (0, 0, 0) na (1/2, 1/2, 1/2). Matundu hayo hujazwa na lanthanamu na ndugu zake katika misombo kama LaFe₄As₁₂. Atomu iliyomo hutikisika sana, kwa hiyo kigezo chake cha mtetemo kikitoka kikubwa mara kadhaa kuliko cha As usishtuke wala usikilazimishe kushuka. Kwanza jiulize kama tundu limejaa lote. Ujazo pungufu na mtetemo mkubwa huiga sura moja kwenye data.

Arsenidi za matabaka: kila kitu kiko kwenye z

BaFe₂As₂ ilipata umaarufu mwaka 2008, Rotter, Tegel na Johrendt walipoonyesha kwamba ukibadilisha sehemu ya bariamu kwa potasiamu inapitisha umeme bila ukinzani hadi 38 K (kelvini). Kundi la nafasi I4/mmm, a = 3.9625 Å, c = 13.0168 Å; Ba kwenye (0, 0, 0), Fe kwenye (1/2, 0, 1/4), As kwenye (0, 0, z), z = 0.3545. Atomu zote zimefungwa na ulinganifu isipokuwa hiyo z, kwa hiyo kazi yako yote ni kuipata sawasawa.

Kimo cha As juu ya tabaka la chuma ni (0.3545 − 0.25) × 13.0168 = 1.360 Å. Sehemu ya mlalo ni nusu ya a, 1.981 Å. Fe hadi As basi ni 2.403 Å. Pembe ya As–Fe–As kwa As mbili za upande mmoja ni mara mbili ya pembe ambayo tanjiti yake ni 1.981 ÷ 1.360, yaani nyuzi 111.1, tetrahedra (umbo la nyuso nne) kamili ingekuwa na 109.5. Sasa kosea z kwa 0.002 tu, iwe 0.3565. Kimo kinapanda hadi 1.386 Å na pembe inashuka hadi nyuzi 110.0. Nyuzi moja nzima, kutokana na tarakimu ya tatu baada ya nukta. Ndiyo maana z iliyotoka kwenye mchoro wa poda wa nusu saa haifai kujengea hoja yoyote kuhusu umbo la tetrahedra.

Usisahau swali letu la kwanza. As ya tabaka moja inaitazama As ya tabaka la juu kwa umbali wa 2 × (0.5 − 0.3545) × 13.0168 = 3.79 Å. Hazijashikana, na hesabu ni Ba²⁺, Fe²⁺ mbili, As³⁻ mbili. Lakini kwenye CaFe₂As₂ kalsiamu ni ndogo, matabaka yako karibu zaidi, na ukiikandamiza ikiwa baridi c inaporomoka kwa karibu asilimia 10 hadi kama 10.6 Å. As zinafika karibu 2.8 Å na kuanza kushikana. Kundi la nafasi linabaki lilelile na majina ya nafasi yanabaki yaleyale. Anayesoma jina la aina ya muundo tu hataona kwamba kuna lililotokea.

Unapotoka kwenye faili kwenda kwenye poda

Chagua mirija ya eksirei kwanza. Miale ya shaba (1.5406 Å) huvichokoza chuma na kobalti vitoe miale yao wenyewe, na sakafu ya mchoro inapanda hadi vilele dhaifu vinazama. Kwa arsenidi za chuma na kobalti tumia mrija wa kobalti (1.789 Å), au kipokezi kinachochuja nishati. Nikeli haina shida na shaba. Manganizi huchokozwa na shaba na kobalti pia. Mrija wa molibdeni unaonekana kama suluhisho la wote, ila huo unaichokoza arseniki yenyewe.

Kwa NiAs na miale ya shaba tarajia vilele karibu na 2θ (pembe ambayo miale inapinda) ya nyuzi 28.5 (100), 33.7 (101), 46.2 (102) na 50.4 (110); namba za mabanoni hutaja bapa za atomu zinazotoa kila kilele. Kuna jambo la kufurahisha hapa. Kwenye (101) michango ya Ni mbili inafutana kabisa, kwa hiyo kilele hicho kikali kimetokana na arseniki peke yake. Kwenye (110) zote zinajumlishana. Uwiano wa vilele hivyo viwili ukikataa kukaa, shuku kwamba baadhi ya nikeli zimehama au zimepungua, au kwamba poda imelala upande mmoja.

GaAs ina mtego wa namna nyingine. Seli ya mchemraba, F-43m, a = 5.6533 Å, Ga hadi As √3 ÷ 4 × a = 2.448 Å. Vilele vyake vikuu viko nyuzi 27.3, 45.3 na 53.7. Kilele cha (200) kwenye 31.6 kinategemea tofauti ya elektroni 31 na 33, kwa hiyo hakionekani kirahisi, na mchoro unafanana na wa almasi iliyotanuka. Kosa la kawaida ni kuachia programu itafute kama Ga na As zimebadilishana nafasi. Kwa eksirei za kawaida haiwezi kujua, itakupa namba tu.

Fuwele za BaFe₂As₂ ni vibamba, na ukizikandamiza kwenye kishikilia bapa zinalala zote kifudifudi. Kilele cha (002) kwenye 13.6 kinakua kupita kiasi huku (103) kwenye 30.5, kinachopaswa kuwa kikali kuliko vyote, kinanyauka. Kapilari inayozunguka huponya sehemu kubwa ya tatizo. Kigezo cha kurekebisha mlalo ndani ya programu ni dawa ya mwisho, kwa sababu kinaivuta z pamoja nacho.

Unaposawazisha kwa njia ya Rietveld, yaani kurekebisha mfano wa muundo hadi mchoro wake ulingane na uliopimwa, fungua vigezo kwa zamu: sakafu na kipimo cha jumla, kisha seli na mhamo wa sampuli, kisha umbo la vilele, kisha z au y, kisha mitetemo. Ujazo wa nafasi ufunguliwe mwisho kabisa, na kamwe usiufungue pamoja na mtetemo wa atomu ileile kwa data dhaifu. Baada ya kila hatua rudi kwenye rula: As kwa As ikitoka 2.1 Å, hesabu imepotea hata kama mstari umefunika nukta zote.

MnAs inahitaji kipimajoto. Chini ya karibu nyuzi 40 za Selsiasi ni ya aina ya NiAs na ni sumaku. Ikipita hapo inageuka kuwa ya aina ya MnP, yenye mihimili mitatu isiyolingana, na karibu nyuzi 125 inarudi tena kuwa NiAs. Ndani ya kabati la mashine, katika chumba kisicho na kiyoyozi mwezi wa Februari Dar es Salaam, nyuzi 40 si mbali. Vilele vikijitokeza viwili viwili, pima joto la sampuli kabla ya kuilaumu.

Cd₃As₂ ni somo la subira. Ukipima haraka utaona kama mchemraba wa karibu 6.3 Å, muundo wa floraiti uliogeuzwa ambao robo ya nafasi za kadmiamu ni tupu. Nafasi hizo tupu zimepangwa kwa utaratibu, na vilele dhaifu vinavyoonyesha utaratibu huo vinataka upimaji mrefu. Seli halisi ina a = 12.63 na c = 25.43 Å, atomu 160. Kwa miongo kadhaa kundi lake liliandikwa I4₁cd, lisilo na kitovu cha ulinganifu; kazi ya fuwele moja ya mwaka 2014 ikaonyesha kitovu kipo na kundi ni I4₁/acd. Ukikuta faili la zamani, angalia limeandika lipi.

Na ukiandika faili la LaFeAsO au LiFeAs, zote za P4/nmm, taja chimbuko la mihimili. Kundi hilo lina machaguo mawili. Katika la pili, chuma cha LaFeAsO kiko (3/4, 1/4, 1/2) na As kwenye (1/4, 1/4, 0.651); kwa a = 4.0355 na c = 8.739 Å, Fe hadi As hutoka 2.41 Å. Katika la kwanza chuma hukaa (0, 0, 1/2). Ukichanganya majiranukta ya moja na ulinganifu wa lingine, VESTA itachora bila kulalamika, ila idadi ya atomu ndani ya seli ya LaFeAsO haitakuwa nane.